Giligilani ya nyumbani: tazama kwanza rangi ya mbegu

Giligilani ni kati ya majani machache yanayofika mezani bila kupita motoni. Yanakatiwa kwenye kachumbari au yanatupiwa juu ya supu iliyokwisha kuepuliwa, na mtoto anayala hivyo hivyo. Zipo bustani za mabondeni mijini zinazomwagiliwa maji ya mito na mifereji inayopokea maji taka, na fungu likishafika sokoni hakuna anayeweza kujua lilikotoka kwa kulitazama tu.

Kupanda nyumbani kunapunguza wasiwasi huo kwa gharama ndogo. Hatari yenyewe iko mwanzoni, kwenye mbegu.

Mbegu za maduka ya pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua ukungu, kisha zikatiwa rangi kali kama ya waridi au bluu ili mtu asizidhanie chakula. Hizo ni za kupanda tu. Haziwi salama kwa kuoshwa, hazipewi kuku, na pakiti yake haikai kabati moja na iliki na mdalasini. Kwa giligilani tahadhari inahitajika zaidi, maana mbegu yake ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye pilau. Zikae kwenye pakiti yake, mahali ambapo mtoto hafiki. Akizitafuna, awahishwe kituo cha afya pamoja na pakiti hiyo, na asilazimishwe kutapika.

Mwenye watoto wadogo ana njia rahisi zaidi: giligilani nzima za duka la viungo, ambazo hazijakaangwa. Kinachoitwa mbegu ni tunda dogo lenye mbegu mbili ndani. Zinasagwa taratibu chini ya chupa mpaka zigawanyike, si mpaka ziwe unga, kisha zinalowekwa usiku mmoja. Zilizokaa sana dukani nyingine hazitaota, kwa hiyo zipandwe kwa wingi kidogo.

Dumu la mafuta ya kula lililokatwa na kutobolewa chini linatosha. Makopo ya rangi na ya dawa za shambani hayafai, hata yakisuguliwa vipi. Udongo unachanganywa na samadi iliyooza kabisa, kwani mbichi hubeba vijidudu vile vile ambavyo mzazi anavikimbia. Mbegu inafukiwa kina cha sentimita 1 na kumwagiliwa maji safi, si yaliyofulia nguo. Hapo panataka subira. Huchukua wiki 1 hadi 3 kuchipua, na makopo mengi humwagwa siku chache kabla ya majani kutokeza. Miche isihamishwe, mzizi wake ni mrefu na haupendi kusumbuliwa.

Kwenye joto kama la Dar es Salaam au Tanga, giligilani hukimbilia kutoa maua na majani yakawa membamba. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana vinasaidia. Majani ya nje huanza kuchumwa baada ya wiki 4 hadi 6, na anayepanda kidogo kila baada ya wiki 2 au 3 hakosi.

Kisahani cha chini ya kopo kisiachwe na maji. Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache kama hayo na huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza.

Majani ya nyumbani nayo yaoshwe, maana paka na kuku hawaombi ruhusa. Na yupo mtoto atakayekataa akisema yananuka sabuni. Huenda hadeki: wapo watu waliorithi uwezo wa kuinasa harufu hiyo kwa ukali zaidi. Huyo apakuliwe kachumbari yake kabla majani hayajatiwa.