Mwasifu Mbavu, Mwasahau Malezi

Ni ada iliyoenea siku hizi katika Mugutha yetu, wala sidhani kwamba Ruiru au Thika wamesalimika nayo, kwamba shule zikifungwa watoto hujifunga leso za mama zao shingoni zikapepea mgongoni, wakapanda juu ya malundo ya mawe ya kujengea, kisha wakabishana hata jua likachwa ni nani aliye na nguvu zaidi: yule arukaye angani bila ya mbawa, au yule apandaye kuta kama buibui, au yule jabari wa rangi ya kijani apasuaye nguo zake akighadhibika. Mchezo wa watoto siulaumu. Mtoto asiyecheza ni mgonjwa. Lililoniudhi, nami nitalisema bila ya kuuma maneno, ni kwamba baba zao na mama zao, watu wazima wenye akili timamu, huketi pamoja nao mbele ya runinga wakabishana ubishi ule ule, fulani ana mbavu, fulani alimpiga fulani, wala hatokei hata mmoja wa kuuliza lile ambalo bibi zetu wangaliuliza kwanza kabla ya jingine lolote: kijana huyu ni mwana wa nani, na nani aliyemlea?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sitapoteza wino kuyathibitisha haya mbele yenu, maana ninyi ni watu wa dini na watu wa staha, na Kitabu mnakijua. Samsoni, yule mwenye nguvu, aliwekwa wakfu kwa Mungu kabla hajazaliwa, na malaika akatumwa kuwausia mama yake na Manoa baba yake namna ya kumlea. Lakini alipokuwa mtu mzima, wazazi wake wakamkanya juu ya mwanamke wa Kifilisti naye asisikie, akaendelea katika ghururi ile mpaka akatobolewa macho, akapelekwa Gaza kwa minyororo. Daudi hakupewa misuli. Alipewa kondoo za baba yake azichunge, na huko machungani, baina ya simba na dubu, ndiko alikojifunza kombeo na ndiko alikojifunza kumtegemea Mola. Hata Goliathi aliposimama mbele yake, kijana yule hakufanya ila kazi aliyokwisha kulelewa aifanye.

Na hao mashujaa wa Kimarekani mnaowaonea fahari, laiti mngewatazama vizuri mngeona kwamba waliowabuni walikuwa na hekima kuliko sisi tunaowatazama. Superman, ambaye vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, ni mtoto yatima aliyeangushwa duniani kutoka sayari iliyoangamia, akaokotwa na mke na mume, watu wa kawaida kabisa, wakamlea kule Kansas, mashambani. Mtu aliye na uwezo wa kuinua gari kwa mkono mmoja, akastahi hata mwandishi mwenzake wa habari ofisini, ameipata wapi staha hiyo kama si mezani pa wakulima wale? Spider-Man, aliyetokea mwaka 1962, alipoumwa na buibui akapata nguvu, jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa kujitafutia fedha na sifa. Akamwacha mwizi apite mbele yake, na mwizi yule yule akaja kumwua ami yake aliyemlea. Tangu siku ile nguvu zake ziliifuata adabu ya mzee yule aliyekwisha kufa. Na yule wa kijani, Hulk, mnayemcheka apigapo kelele, katika masimulizi yake ni mwana wa baba katili aliyempiga na kumwua mama yake. Ghadhabu ile mnayoiona nguvu ni kilio cha mtoto kilichomezwa kikakaa tumboni miaka mingi. Kina baba mnaorudi nyumbani usiku mkatetemesha mlango, mtazameni vizuri huyo.

Wala sijaona mfano ulio dhahiri kuliko filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo twaipenda pia kwa kuwa mwana wetu Lupita Nyong'o amo ndani yake. Wanaume wawili, wana wa ndugu wawili, wanakunywa dawa ya jani lile lile na wanapata nguvu zile zile. Mmoja alikulia ikuluni, akifunzwa na baba na mama. Wa pili aliachwa Oakland akiwa mtoto, baba yake amekwisha uawa na ami yake mwenyewe, na hakuna mtu wa nyumbani aliyerudi kumtazama. Wa kwanza alipopata nguvu alitaka kuwahifadhi watu. Wa pili alipozipata aliamuru bustani ya majani yale ichomwe moto, ili asitokee wa kumrithi. Jani halikubadilika, kilichobadilika ni malezi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma ya mama.

Lakini watajuaje haya vijana wetu, ikiwa hata hao wanaotutafsiria picha, wenye ndimi nyepesi na vipaji ambavyo mimi binafsi navisifu, kila mama wa steringi akianza kusema na mwanawe wao hupiga soga juu yake au huipeleka picha mbele, ati twende kwenye vita? Wanaukata mzizi wakatuuzia matunda.

Na hapa kalamu yangu inanivuta kando, nami siwezi kuizuia. Tazameni matatu zinazopanda na kushuka katika barabara kuu ya Thika, zilizopambwa sura za mashujaa hawa toka mbele mpaka nyuma kwa rangi za thamani. Nje amechorwa mtetezi wa wanyonge. Ndani, mvua ikidondoka, nauli inapanda maradufu, na mama mzee aliyehesabu senti zake sawasawa anaambiwa na makanga ashuke, tena kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Ninyi wenye magari, nanyi ni wana wa watu na wengi wenu ni waungwana, mwaona sawa kubeba sura ya shujaa ubavuni mkamfukuza bibi kizee mlangoni? Na katika sura zote hizo, ni wapi alipochorwa Fumo Liyongo? Ni wapi alipo Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913, akahamishwa mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwao? Mwacha mila ni mtumwa.

Liyongo huyo nataka nikae naye kidogo. Kisa chake Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913, na kabla ya hapo kilikuwa vinywani mwa watu wa pwani kwa karne nyingi. Alikuwa pande la mtu, silaha haimwingii mwilini, na Mringwari, mfalme wa Pate, jamaa yake wa damu, alimwogopa akamtia gerezani kwa minyororo. Basi mnadhani aliikata minyororo ile kwa nguvu za mikono? Hasha! Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kila siku, na walinzi wakila kizuri wakimwachia makombo. Ndipo Liyongo akamwagiza mama yake kwa maneno ya shairi, kwa kinywa cha kijakazi Saada, ampikie mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau mkate wa makapi, wakaupitisha. Usiku wa ngoma ya gungu, aliyoiomba kabla ya kuuawa, watu wakipiga matari na kuimba nje, yeye ndani alikereza chuma mpaka kikakatika. Jitu lisiloingiwa na chuma likaokolewa na mkate wa mama, na ufasaha aliolelewa nao.

Na kilichomwua ni nini? Ni mwanawe. Kijana aliahidiwa na mfalme cheo na binti wa kuoa, akaenda kumwuliza baba yake siri ya kifo chake, naye akaambiwa: ni sindano ya shaba, kitovuni. Akamchoma usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako. Liyongo alimshinda kila adui aliyekuja kwa mkuki, lakini nyumbani mwake mlikuwa na mtoto ambaye tamaa ilimfikia kabla ya adabu. Na kijana yule hakuipata hata harusi aliyoahidiwa, bali aliugua akafa.

Mtaniambia kwamba nguvu ni kipaji, na kipaji hutoka kwa Mungu. Naam, kweli. Hapa kwetu Ruiru watafiti wa kahawa walitoa mwaka 1985 mbuni uitwao Ruiru 11, wenye kinga ya chulebuni na kutu ya majani katika damu yake. Lakini mkulima yeyote wa hapa, kabla mashamba hayajakatwa viwanja na kuota maghorofa ya kupangisha, angekwambia kwamba mbuni huo usipopaliliwa, usipotiwa samadi, usipopogolewa, hauzai cha kumfaa mtu.

Kisha itazameni Supa Modo, filamu yetu wenyewe ya mwaka 2018, aliyoiongoza Likarion Wainaina. Jo, mtoto wa kike, mgonjwa wa maradhi yasiyopona, ana hamu ya kuwa shujaa wa ajabu, na dada yake anakisihi kijiji kizima kimsadikishe kwamba ana nguvu. Mtoto yule hana hata nguvu za kukimbia. Ana watu. Nimekwisha waona wanaume wakubwa wakifuta machozi kwa ajili ya picha hiyo, na nikasema moyoni kwamba bado tuna wema.

Basi nawaomba, hususan kina baba, Jumapili mkitoka ibadani mketi na watoto mwaulize juu ya huyo wampendaye: nani alimlea, alimfunza nini, na nguvu zilipomjia alizitumia kwanza kwa kazi gani. Kisha wahadithieni Liyongo, na ule mkate wa wishwa msiuruke. Mtoto mwenye akili atawauliza kwa nini baba yule, ambaye utenzi wasema alikwisha tambua kwamba mwanawe ametumwa, alimwambia siri hata hivyo. Msimwambie akalale. Mjibuni, hata ikiwa alfajiri mna gari la kuwahi kwenda kazini Nairobi.