Masomo ya uuguzi: kufaulu ekzame na kuokoa mtoto ni mambo mawili

Tangu miaka ya 2000, wizara ya afya ya Congo ilianza kubadilisha masomo kwenye ITM, zile shule zinazotoa wauguzi wa A2. Zamani mwanafunzi alinakili kozi kwenye daftari, akakariri, akafanya ekzame. Mfumo mpya, ambao waalimu wanaita APC, unasema muuguzi apimwe kwa kazi anayoweza kufanya kwa mikono yake.

Wazo ni zuri. Lakini linaleta matunda? Mara nyingi tunapewa tu hesabu ya waliofundishwa, na picha ya watu wenye kushika vyeti.

Jirani zetu wa Tanzania wana mfano wa kutufaa. Mwaka 2010, kwenye hospitali ya Haydom, wakunga na wauguzi walifundishwa siku moja namna ya kusaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Miezi saba nyuma wakapimwa tena kwa mwanasesere. Kabla ya mafunzo, waliofaulu kumpumulisha walikuwa 18 kwa 100. Sasa walikuwa 74 kwa 100. Ungesema kazi imekwisha.

Lakini watafiti waliingia pia mu maternite, wakaangalia kazi yenyewe. Huko mambo hayakubadilika: watoto waliopumulishwa hawakuongezeka, wakati mtoto wa namna hiyo anahitaji msaada ndani ya dakika ya kwanza.

Njo wakabadilisha namna. Mazoezi mafupi ya dakika tatu mpaka tano kila juma, palepale kazini, na mengine ya dakika 40 kila mwezi, yakiongozwa na watu wa hospitali wenyewe. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hivi mpaka 7 kwa watoto 1000.

Kwa hiyo APC haiwezi kuhukumiwa siku ya ekzame peke yake. Mwanafunzi wa staji anayesimama nyuma ya wenzake kumi bila kugusa mgonjwa, hata akipata pointi nzuri, bado hajapimwa. Na muuguzi aliyetumwa kwenye kituo cha afya kisicho na mpira wa kupumulishia, ujuzi wake utapotea.

Wakubwa wa zoni za afya na wenye kutoa pesa za mafunzo, tuwaulize hivi: miezi sita kiisha cheti, nani alienda kuangalia kazi yao? Na watoto wangapi wamepona?