"Water" ni nomino au kitenzi? Usikimbilie kujibu

Leo naacha kompyuta kidogo niongelee sarufi, lakini msiondoke, tutarudi huko huko.

Juzi mtoto wa jirani hapa Ahero aliniletea zoezi la Kiingereza: taja aina ya kila neno. Sentensi zilikuwa mbili, "We water the rice" na "The water is low". Kote aliandika kuwa "water" ni nomino. Kwa nini? Amekariri kwamba nomino ni jina la kitu, na maji ni kitu.

Sikumcheka, maana nami niliwahi kufanya kosa hilo hilo. Niliandika programu ya kusoma jumbe za Kiingereza kuhusu mto Nyando, nikaipa orodha ambamo kila neno lina aina moja tu. "Floods" nikaiweka nomino. Ujumbe "The Nyando floods our farms" ulipoingia, programu ilitafuta kitenzi, ikakikosa, ikautupa! Bahati yalikuwa majaribio tu. Ingekuwa kazini, mkulima wa mpunga angekosa onyo.

Maoni yangu ni haya: tuache kuwakaririsha watoto orodha. Aina ya neno ni kazi linayofanya katika sentensi, na kazi hiyo utaijua kwa kutazama majirani zake. Likitanguliwa na "the", "water" ni nomino. Likija baada ya "we" na kufuatwa na kinachomwagiliwa, ni kitenzi. Kompyuta nazo hufundishwa hivyo. Mkusanyo wa Penn Treebank, uliotangazwa mwaka 1993, una maneno zaidi ya milioni 4 ya Kiingereza, kila moja likiwa limetiwa alama ndani ya sentensi yake.

Kiswahili kinatusaidia kwa viambishi: "mafuriko" na "unafurika" hazichanganyiki. Ila hata sisi tuna mitego. Katika "Kulima kunachosha", neno "kulima" linafanya kazi ya nomino. Katika "Anataka kulima", ni kitenzi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mwaka 2023 watafiti wa Masakhane walitoa mkusanyo wa namna hiyo kwa lugha 20 za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwemo. Kwa hiyo mwalimu, kesho usimuulize mtoto "neno hili ni nini?" Muulize "hapa linafanya kazi gani?"

Haya, tuonane wiki ijayo.