Video Haikusukumi

Mjini Mpanda ubishi kuhusu kung fu ni wa siku nyingi, ila sasa umehamia kwenye simu. Wapo vijana wa Makanyagio na Nsemulwa wanaopakua masomo ya taijiquan na Wing Chun usiku wakiwa na bando, kisha alfajiri wanayafanyia mazoezi kabla jua halijapanda. Wapo pia wanaowacheka. Nimezisikiliza pande zote mbili, na sijaona hata moja yenye haki ya kutamba. Madai yao nitayachukua moja baada ya jingine, ingawa uzito wake haulingani.

La kwanza ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi: sanaa hizi hupokelewa kwa mwalimu tu, na kujifunza kwa picha ni uzushi wa kizazi cha simu. Wachina wenyewe wangeshangaa kulisikia. Jenerali Qi Jiguang wa enzi ya Ming, aliyepambana na maharamia wa pwani katika karne ya 16, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari chenye sura nzima ya ngumi, na humo mikao 32 ilichorwa. Mwaka 1915 bingwa Sun Lutang alichapisha kitabu chenye picha cha xingyiquan, mtindo mwingine wa kung fu. Chama cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kilitumia vitabu na picha kuwafikia watu wa mjini ambao hawakuwa na ukoo wala kijiji cha kuwarithisha mchezo. Naye Ip Man, mwalimu wa Bruce Lee, alikubali kurekodiwa kwa filamu akifanya mfululizo wa Wing Chun mwaka 1972, muda mfupi kabla hajafariki Desemba mwaka huohuo. Kama picha ni haramu, basi haramu hiyo imeanza na wakubwa.

Lakini wanaofurahia jibu hilo wasikimbilie kushangilia. Kitabu cha Qi kilikuwa mikononi mwa maofisa wenye askari waliopangwa mstari mbele yao, na filamu ya Ip Man ilikuwa hazina ya wanafunzi ambao tayari walikuwa wameigusa mikono yake. Picha ilitunza kilichokwisha kufundishwa. Kijana wa Nsemulwa anaipokea bila hicho cha kwanza, na hapo ndipo tofauti ilipo. Haihusu umri wa teknolojia.

Dai la pili hutoka kwa vijana wenyewe: "Nimemaliza hatua zote 24, kwa hiyo taijiquan naijua." Mfululizo wa 24 ulitungwa mwaka 1956 na wakuu wa michezo wa serikali ya China. Waliufupisha kutoka mtindo wa Yang ili mtu wa kawaida, mfanyakazi au mzee, aweze kuujifunza na kuumaliza kwa dakika chache. Kwa hiyo nitasema jambo ambalo walimu wengi hawapendi kulisikia: huu ndio mfululizo unaofaa kabisa kwa video. Unakwenda polepole, hauna kuruka, na unaweza kurudisha nyuma sekunde kumi mara ishirini bila mtu kukukasirikia. Kijana wa Mpanda aliyeukariri hivyo hajapoteza muda wake.

Ila alichokariri ni mpangilio. Nusu ya pili ya taijiquan inaitwa tuishou: watu wawili wanagusanisha mikono, mmoja anasukuma, mwingine anapokea na kuugeuza msukumo bila kushindana nao, na wote wawili wanasikiliza kwa ngozi ni wakati gani mwenzake amepoteza mizizi. Wing Chun nayo ina chi sao, ambamo mikono ya wawili hunatana na kuzunguka mpaka mmoja apate upenyo. Mambo haya huwezi kuyaona. Ukiitazama video ya mabingwa wawili wa tuishou utaona watu wanaopapasana, halafu ghafla mmoja anarudi nyuma hatua tatu, na sababu haimo kwenye picha. Unaweza kukaa Karema siku nzima ukimtazama mvuvi aliyesimama wima kwenye mtumbwi juu ya Ziwa Tanganyika, ukajua miguu yake inakaa wapi na magoti yamekunjwa kiasi gani, na bado wimbi la kwanza likakumwaga majini. Video haikusukumi. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya hatua 24 kwa mwaka mzima, akapendeza, na akayumba akiguswa bega kwa kidole.

Anayejifunza peke yake amekosa mwalimu, ndiyo, lakini kabla ya hapo amekosa mwili wa pili.

Dai la tatu ni jibu la vijana kwa hilo: kioo kinatosha, au mtu ajirekodi halafu ajilinganishe na bingwa. Kinasaidia. Hakitoshi, kwa sababu za kawaida kabisa. Mwalimu kwenye skrini amekutazama, hivyo mkono wake wa kulia unauona upande wako wa kushoto, na wengi hujifunza mfululizo mzima kinyumenyume bila kujua. Kamera iko upande mmoja tu. Goti linaloingia ndani halionekani kwa pembeni kama linavyoonekana kwa mbele, na uzito ulioegemea kisigino hauonekani kabisa. Goti ndilo linalolipa gharama. Kukaa chini sana kwenye mkao huku goti limepinda kuelekea ndani na unyayo umebaki mahali pake, juu ya ardhi ngumu ya Katavi wakati wa kiangazi, ni njia ya uhakika ya kuanza kuchechemea. Hapa rafiki asiyejua hata neno moja la kung fu anafaa kuliko kioo. Mwambie akusukume taratibu kiunoni kutoka pande nne. Upande utakaoangukia ndio wenye kosa.

Kuna wanaosema wanachagua mwalimu wa video kwa kuona uwezo wake kwa macho yao. Hawa nawakumbusha Wei Lei. Mwaka 2015 televisheni ya taifa ya China ilimwonyesha bwana huyu wa taijiquan akiwa na njiwa mkononi ambaye hawezi kuruka, eti kwa sababu ya nguvu za ndani. Aprili 2017, mjini Chengdu, alikutana na mpiganaji Xu Xiaodong na alikuwa chini kabla ya sekunde 20 kupita. Pambano hilo halikuthibitisha kwamba taijiquan ni bure, kama wengine walivyodai. Mtu mmoja aliyepigwa ni mtu mmoja aliyepigwa. Lilithibitisha kwamba kamera huonyesha kile mwenye kamera anachotaka.

Kuhusu wale wanaosema kung fu yote ni sinema, sitakaa sana. Ni kweli wengi wetu tuliipokea kupitia kibanda umiza, na sauti ya Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ikitusimulia kwa Kiswahili kile ambacho Wachina walikuwa wakisema, au hata ambacho hawakusema. Lakini anayefanya mazoezi ya kusimama dakika kumi magoti yakitetemeka ameshatoka sinema.

Linabaki dai la kukata tamaa: Mpanda ni mbali, mwalimu hayupo, basi asubiriwe. Mji huu unaijua habari ya kusubiri. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kwa ajili ya madini ya risasi, mkoa wenyewe wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 tu, na kwa miaka mingi umeme ulitoka kwenye majenereta. Hata Dar es Salaam, karate ya Goju-ryu ilifika kwa mtu mmoja, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, aliyeanza kufundisha Shule ya Zanaki miaka ya 1970, na wanafunzi wake ndio walioitawanya. Goju-ryu yenyewe ni ya Okinawa, lakini mzizi wake uko Fuzhou, China, alikosomea Higaonna Kanryo katika karne ya 19. Kwa hiyo mcheza karate wa mtaani kwako si mgeni kwa sanaa hii. Mwombe akupe mikono yake nusu saa kwa wiki, hata kama atakucheka mwanzoni.

Halafu itumie simu kwa upande wa pili. Badala ya kumtazama bingwa kila usiku, jirekodi ukisukumana na mwenzako, umtumie mtu wa Tabora au Dar es Salaam anayejua, umwulize swali moja tu kwa kila video. Inakula bando kidogo kuliko saa tatu za kutazama. Na usijirekodi kuanzia kiunoni kwenda juu kama wanavyofanya wengi: weka simu chini, miguu yote miwili ionekane.