Kiswahili Kinaweza Kuieleza Nikeli
Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya miamba. Dai hilo halina mashiko. Vilima vya Dutwa, mkoani Simiyu nchini Tanzania, vina nikeli iliyotokana na kuoza kwa miamba. Katika kuoza huko, maji ya mvua yenye asidi hafifu huyeyusha magnesi na silika, yakaacha udongo mwekundu wenye chuma. Nikeli nyingine husalia humo. Nyingine huteremka na maji, ikanaswa katika chembe za mfinyanzi na kukalia nafasi ya magnesi. Majina ya kemia yaliyotoholewa hapa ni manne tu. Mkulima anayeishi juu ya hazina hiyo anastahili kuyaelewa haya kabla ya kuombwa ardhi yake. Wanafunzi wa Kiswahili wasiposanifu istilahi zake, nani atazisanifu?