Tovuti ya kushonewa au ya dukani: Mfanyabiashara mdogo achague ipi?

MFANYABIASHARA mdogo anayetaka kufungua tovuti hukutana na bei mbili ambazo hazikaribiani hata kidogo. Fundi mmoja humwambia alete laki chache na baada ya siku tatu tovuti itakuwa hewani. Mwingine humtajia mamilioni ya shilingi na kumtaka asubiri miezi miwili. Wote humwonyesha kazi inayovutia kwenye kompyuta, na wote humwahidi wateja kutoka Dar es Salaam hadi Dubai.

Tofauti hiyo haitokani na tamaa peke yake. Kuna njia mbili za kutengeneza tovuti. Ya kwanza ni kuibuni upya kwa kupima mahitaji ya mteja, kama fundi cherehani anavyopima mabega na kiuno kabla ya kukata kitambaa. Ya pili ni kununua kiolezo, yaani sura ya tovuti iliyokwisha kutengenezwa na kuuzwa kwa yeyote, ambayo mnunuzi hubadilisha nembo, rangi, picha na maneno.

Kwa mkulima wa viungo wa Unguja, mfugaji wa nyuki wa Sikonge au kikundi cha akina mama wanaosindika maembe, uchaguzi huu si suala la urembo. Ni fedha ya mtaji inayotoka. Kosa likifanyika, mara nyingi hasara yake huonekana baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati fundi aliyelipwa hapatikani tena kwa simu.

Violezo vilikotoka

Biashara ya violezo ilikua pamoja na programu za bure za kuendeshea tovuti. WordPress, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ilianza mwaka 2003, na toleo lake la mwaka 2005 likaleta utaratibu wa kubadilisha sura ya tovuti bila kugusa habari zilizomo. Mwaka 2008 lilifunguliwa soko la ThemeForest, ambako watengenezaji wa nchi mbalimbali huuza violezo vyao. Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa kwa WordPress.

Katika Afrika Mashariki, mambo yalibadilika baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na nje yalitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Intaneti ilipopungua bei, vijana wengi walijifunza kazi ya kutengeneza tovuti, na kiolezo kikawa nyenzo yao ya kwanza.

Faida yake iko wazi. Violezo vingi vya kulipia huuzwa chini ya dola 100 za Marekani, na vipo vya bure. Kazi inakwisha haraka, na mnunuzi anaona sura ya tovuti yake kabla ya kulipa. Aidha, kiolezo kinachotumiwa na watu wengi hupata watu wengi wa kugundua kasoro zake, na mtengenezaji makini hutoa marekebisho mara kwa mara.

Pale cha dukani kinapobana

Hata hivyo, kiolezo hutengenezwa kwa ajili ya mnunuzi asiyejulikana. Kile kiitwacho Avada, kilichoingia sokoni mwaka 2012, kimeuzwa nakala zaidi ya 500,000. Ili kumridhisha kila mnunuzi, wa mgahawa na wa hospitali, hujazwa mambo mengi ambayo muuza asali hatayatumia maishani mwake: picha zinazopishana zenyewe, video za kufungulia ukurasa na aina kadhaa za maandishi.

Uzito huo hulipiwa na mteja. Ukurasa wenye megabaiti 5 utafunguka mara 20 tu kwa bando la megabaiti 100. Ukurasa wa nusu megabaiti utafunguka mara 200 kwa bando lile lile. Mnunuzi wa mahindi aliyeko kijijini, mwenye simu ya bei nafuu, hatasubiri picha ya kupendeza imalizike kushuka. Atafunga na kumpigia muuzaji mwingine.

Tatizo la pili ni lugha na malipo. Violezo vingi huja kwa Kiingereza, na fomu zake za oda huuliza namba za posta kwa mtindo wa Marekani au Ulaya. Malipo hupangwa kwa kadi za benki, wakati mnunuzi wa Morogoro au Nakuru amezoea M-Pesa au Airtel Money. Kuunganisha malipo ya simu kunawezekana, lakini kunahitaji programu ya ziada au mkataba na kampuni ya malipo, na gharama hiyo mara nyingi haitajwi siku ya kwanza. Wapo pia wanaoacha maneno ya mfano yaliyokuja na kiolezo, na mteja akifika ukurasa wa "Kuhusu sisi" hukuta Kilatini kisicho na maana.

La tatu ni usalama. Desemba 2014 tovuti zaidi ya 100,000 za WordPress duniani zilivamiwa na programu haribifu iliyoitwa SoakSoak. Mlango uliotumika ulikuwa kasoro ya programu ya kuonyesha picha zinazopishana, Slider Revolution. Marekebisho yake yalikuwa yamekwisha kutolewa, lakini programu hiyo ilikuwa imefungashwa ndani ya violezo vingi, na wenye tovuti hawakujua kwamba wanayo, achilia mbali kwamba wanatakiwa kuirekebisha. Google iliziweka tovuti zaidi ya 11,000 katika orodha ya tovuti hatari, na wateja waliozitembelea wakawa wanakuta onyo badala ya bidhaa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa violezo vya wizi, ambavyo husambazwa bure baada ya kuvunjwa kufuli ya leseni. Mara nyingi vinakuwa vimepandikizwa programu haribifu, na havipati marekebisho ya mtengenezaji. Leseni ya kawaida ya ThemeForest huruhusu kiolezo kutumika kwenye kazi moja tu. Fundi anayenunua kimoja na kukigawa kwa wateja kumi anavunja masharti, na wateja hao hawana pa kudai msaada.

Cha kushonewa nacho kina gharama zake

Tovuti iliyobuniwa upya hufuata biashara ilivyo. Chama cha ushirika chenye mamia ya wanachama kinaweza kutaka kila mwanachama aone kilo alizopeleka ghalani na malipo aliyopata. Muuza viungo anaweza kutaka bei ibadilike yenyewe kulingana na uzito na nchi ya mnunuzi. Hakuna kiolezo kinachojua taratibu hizo, na kukilazimisha kizijue kunaweza kugharimu kuliko kuanza upya.

Lakini nguo ya kushonewa humfunga mteja kwa fundi wake. Fundi akihama, akiajiriwa au akifariki, anayemrithi huenda asielewe alivyopanga kazi, akashauri ivunjwe yote. Kasoro za usalama katika kazi ya mtu mmoja hugunduliwa na mtu huyo huyo, au na mwizi. Kila badiliko dogo hulipiwa upya. Na kubuniwa upya peke yake hakuifanyi tovuti kuwa nyepesi au rahisi kutumia. Hilo hutegemea ujuzi wa mtengenezaji.

Kiolezo kwa bei ya kushonewa

Kilio kikubwa zaidi, hata hivyo, kinahusu kitu cha tatu: kiolezo kinachouzwa kwa bei ya kushonewa. Mteja hulipa mamilioni akiamini anabuniwa tovuti yake, kumbe amebadilishiwa nembo na rangi. Siku moja anakuta kampuni ya nchi nyingine yenye tovuti kama yake, hadi mpangilio wa vitufe.

Si vigumu kugundua jambo hilo. Mteja akifungua tovuti kwenye kompyuta na kubonyeza vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja, maandishi ya ndani ya ukurasa huonekana. Akitafuta humo maneno "wp-content/themes", yatakayofuata kwa kawaida ni jina la kiolezo cha WordPress kinachotumika. Jina hilo likitafutwa kwenye Google, mara nyingi bei yake itaonekana. Ukaguzi huo ufanywe kwenye kazi za zamani ambazo fundi anazionyesha kama sampuli, kabla ya malipo ya awali.

Kutumia kiolezo si udanganyifu. Udanganyifu ni kutosema. Fundi anayekisafisha kiolezo, kupunguza uzito wake, kukitafsiri kwa Kiswahili na kuunganisha malipo ya simu amefanya kazi halali inayostahili ujira. Mteja anatakiwa tu kujua analipia nini.

Nyumba ya kupanga

Ipo pia tovuti ya kukodi, ambayo mteja hulipa kila mwezi kwa kampuni kama Wix au Shopify na kupata violezo, hifadhi na ulinzi kwa pamoja. Humfaa asiye na fundi. Ila mpangaji hana kauli juu ya nyumba, na huwezi kung'oa sura ya tovuti hiyo ukaihamishia kwingine kama ilivyo.

Historia ina mafunzo. GeoCities, iliyowapa mamilioni ya watu kurasa za bure tangu miaka ya 1990, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wamezitengeneza kupitia huduma yake ya maelezo ya biashara. Aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye mifuko na mabango alibaki na maandishi yasiyompeleka mteja popote.

Hesabu kabla ya sura

Tuchukue mfano wa muuza asali. Kiolezo cha dola 60, ujira wa fundi dola 200, pamoja na jina na hifadhi kwa dola 60 kila mwaka, vitamgharimu dola 440 kwa miaka mitatu. Kukodi kwa dola 15 kwa mwezi kutamgharimu dola 540. Tovuti ya kubuniwa kwa dola 1,500, ikiongezwa jina na hifadhi ile ile, itafika dola 1,680.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni dola 1,240. Iwapo faida yake ni dola 2 kwa kilo, itambidi auze kilo 620 za ziada, zilizoletwa na ubunifu huo peke yake, ndipo arudishe fedha yake. Kila mfanyabiashara anaweza kuweka bei alizotajiwa na faida yake mwenyewe katika hesabu hiyo. Wengi watakuta kwamba kwa kuanzia, kiolezo chepesi chenye picha za kweli za shamba, bei, mahali ghala lilipo na namba ya WhatsApp kinatosha. Tovuti ya kubuniwa ingoje mpaka biashara iwe na utaratibu wake ambao kiolezo kimeshindwa kuubeba.

Hati iko kwa nani?

Lolote litakalochaguliwa, jambo zito kuliko yote ni umiliki. Jina la tovuti, kwa mfano lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, ndicho kiwanja chenyewe. Kiolezo ni jengo tu. Mafundi wengine husajili jina la mteja kwa jina lao na barua pepe yao. Wakigombana, mteja hupoteza anwani aliyoitangaza kwa miaka, pamoja na barua pepe za oda zinazoitegemea. Jengo huweza kujengwa upya kwa wiki moja, lakini kiwanja kikienda, kimekwenda.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni mtoto wa jirani. Yataje kwamba jina limesajiliwa kwa mwenye biashara, kwa barua pepe na simu yake. Kwamba nywila zote atakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Kwamba kiolezo, kama kipo, kimenunuliwa kwa leseni ya mteja huyo. Nani atafanya marekebisho ya usalama na kwa bei gani. Na nakala ya tovuti nzima itatolewa kila baada ya muda gani. Cheti cha usalama, kinachozuia kivinjari kumwonya mteja kuwa tovuti si salama, hupatikana pia bure, hivyo anayekitoza fedha nyingi aulizwe sababu.

Tovuti inayopokea majina na namba za simu za wateja inaguswa pia na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Mwenye kujibu ni mwenye biashara, siyo kiolezo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima anayetunza hati ya shamba lake sandukuni na atunze vivyo hivyo karatasi yenye jina la tovuti, tarehe ya kulipia upya na nywila zake. Akiwa nayo, fundi yeyote anaweza kuendelea pale mwingine alipoishia.