Vitu vya ajabu juu ya bahari: jeshi la Marekani limeona nini?

Baadhi yenu mmetutumia ile video ya kitu kinachopita kasi juu ya bahari huku marubani wakishangilia. Swali lenu ni moja: hao si viumbe wa sayari nyingine?

Video ni ya kweli. Ilirekodiwa mwaka 2015 na ndege ya kivita ya Jeshi la Majini la Marekani, na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliitoa rasmi Aprili 2020. Maelezo yanayobandikwa chini yake ndiyo ya kuangalia mara mbili.

Tangu 2022 wizara hiyo ina ofisi maalumu ya uchunguzi. Novemba 2024 mkuu wake aliwaambia maseneta kuwa kitu kile kilikuwa juu sana, kama futi 13,000, wala hakikuwa karibu na maji. Mwendo wa ndege iliyobeba kamera ndio ulioonyesha kasi ile. Ukiwa kwenye basi, mti wa kando ya barabara unaonekana kukimbia mbele ya mlima wa mbali. Mti haujaondoka mahali pake.

Hata hivyo, yapo matukio yasiyo na jibu. Novemba 2004, nje ya pwani ya kusini ya California, rubani David Fravor aliona kitu cheupe kisicho na mabawa, kikaondoka ghafla. Julai 2023 alilieleza Bunge la Marekani hayo kwa kiapo, na hatuoni sababu ya kumcheka.

Ripoti ya serikali ya Juni 2021 ilipitia taarifa 144, na moja tu ikapata jibu: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Hapo wengi hurukia kusema zile 143 ni wageni kutoka angani. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema taarifa zilizopo hazitoshi.

Sisi lililotugusa ni jingine. Katika ripoti hiyo, mara 11 marubani walisema walinusurika kugongana na vitu hivyo. Ndege ikigonga puto au droni angani, watu wanaweza kufa. Lakini marubani wengine walinyamaza wakiogopa kudharauliwa. Machi 2019 Jeshi la Majini liliwawekea utaratibu rasmi wa kuripoti, na taarifa nyingi kati ya zile 144 ziliingia baada ya hapo.